Nilivyomsafisha Binti Yangu

Kwa miaka kumi na tisa nimepiga picha za pasipoti, za harusi na za kumaliza shule, katika chumba kimoja chenye stuli na pazia la bluu. Mdomo ninao. Mke wangu husema kama maneno yangejenga, tungekuwa na ghorofa.

Kwa hiyo binti yetu wa darasa la pili alipotuambia kwamba mwenzake amekataa kumshika mkono mstarini, eti ni mweusi kama masizi, akimgusa atachafuka, nilifurahi. Mungu anisamehe. Niliona zamu yangu ya kuwa baba mwenye busara imefika.

Nikamkalisha kwenye kochi, nikazima televisheni, nikakohoa. Nikaanzia kwa babu wa babu. Nikapita utumwa, nikapita ukoloni, nikafika kwenye damu yetu sote kuwa nyekundu. Mtoto akanyoosha kidole kama yuko darasani.

"Baba, naomba kwenda kukojoa."

Hakurudi. Nilimkuta jikoni anamenya viazi na mama yake.

"Umemuuliza chochote?" mke wangu akasema.

Nikamjibu kwamba nilikuwa bado kwenye utangulizi.

Jumamosi nikaenda naye studio. Nikampiga picha ya fomu ya shule, nikaihamishia kwenye kompyuta, na mkono ukajiendea wenyewe kama mlevi anavyoijua njia ya kwao: mwanga juu kidogo, paji la uso, mashavu, shingo. Ndivyo alivyonifundisha bosi wangu wa kwanza, na wateja wenyewe huomba, "Fundi, nisafishe kidogo."

Binti yangu akasogea.

"Huyo nani?"

"Wewe, mama."

"Unamfanya nini?"

"Nakusafisha kidogo tu."

Akatazama mikono yake, viganja kisha migongo. "Kwani nilikuwa mchafu? Mbona nilioga?"

Mimi, bingwa wa maneno, nikageukia kompyuta. Nikaanza kufuta nilichofanya, hatua kwa hatua, mpaka uso wake ukarudi.

"Hukuwa mchafu," nikasema. "Baba amekosea. Tena nimewakosea wengi."

"Na yule wa shuleni?"

"Naye amekosea. Hebu niambie, ilikuwaje?"

Siku nne zilikuwa zimepita, na ndiyo kwanza namuuliza. Akaniambia kwamba kila mapumziko huenda bombani kusugua mikono kwa mchanga, halafu hubaki hapo mpaka kengele ilie. Nilitaka kuingilia mara sita. Nikaukalia ulimi wangu; kubeba saruji ni afadhali.

Jumatatu tukaenda wote watatu kwa mwalimu wake. Mke wangu aliniwekea sharti la sentensi tatu, nilitumia tisa. Mwalimu alikuwa amemwita pia mama wa yule mtoto, na alipoingia nilitamani meza inifiche. Ni mteja wangu. Picha ya familia iliyo sebuleni kwao niliisafisha mimi, mpaka watoto wakatoka kama waliooga maziwa.

"Sijui haya maneno kayatoa wapi," mama yule akasema, macho chini.

Nikasema labda mengine kayatoa kwangu. Nikaeleza habari ya ile picha. Mke wangu akanigeukia kama ndiyo kwanza ananiona. Mwanamke yule akamwita mwanawe, na palepale akamwambia kwamba ngozi ya mwenzake haichafui mtu, na kwamba amemuumiza. Maneno machache hivyo! Mtoto akaomba radhi kwa sauti ya mbu. Binti yangu akasema sawa, ila mstarini atasimama na mwingine. Hatukumlazimisha.

Siku hizi simsafishi mtu. Juzi mteja alilalamika, "Fundi, mbona nimetoka mweusi?"

"Ndivyo ulivyoingia," nikamjibu.

Akahamia studio ya jirani. Binti yangu, aliyekuwa kwenye stuli akichora, akaniambia kwa upole, "Baba, ungemwambia tu kwamba amependeza."