Shada la Masale Nililowapa Wakwe wa Dada

Ijumaa, saa nane na dakika kumi mchana, kipindi cha GS, yaani Maarifa ya Jumla, nilitoroka darasani. Kosa ni langu, nalisema mwenyewe kabla halijaenea mtaa wetu wa Njiro mzima!

Mimi nina aibu jamani. Jina langu likiitwa kwenye mahudhurio tu, naitikia kwa kunong'ona. Ila kwa dharau nilikuwa namba moja. Niko kidato cha tano, nasoma mchepuo wa PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, nautaka udaktari. GS ni ya lazima kwa kila mtu, nami nikawa namwambia rafiki yangu Upendo, "Kwani mgonjwa ataniuliza mambo ya mila? Si ataniuliza dawa!"

"Haya, dokta. Mimi nabaki."

Nikaenda kujificha maabara, nikachora figo. Ilipendeza, siwezi kudanganya.

Jumapili baada ya ibada, wakwe watarajiwa wa dada Ndeshi walikuwa wanakuja kutoka Machame kuleta posa. Mama yuko jikoni na pilau lake, akaniambia nitengeneze shada la kuwapokelea. Maua yalikuwa machache, nikakata masale kwenye uzio wa nyuma. Majani marefu, yanang'aa! Yakawa yanalala ovyo, nikayafunga fundo, moja moja. Nikajiona fundi!

Wageni wakaingia. Nikapiga goti, shikamoo, nikamkabidhi mshenga wao shada, macho chini.



Mzee huyo akaligeuzageuza. "Baba Ndeshi," akasema taratibu, "mmetukosea nini?"

Mungu wangu! Kumbe kwa Wachaga, na hata kwetu Wameru, isale lililofungwa fundo hupelekewa mtu uliyemkosea. Unaomba radhi. Na halikataliwi!

"Hatujawakosea kitu," baba akajibu.

"Mzee mwenzangu, isale moja linamtosha mtu aliyeua ng'ombe wa jirani. Ninyi mmeleta shada zima!"

Shangazi wa bwana harusi akamtazama dada tumboni. Bwana harusi mwenyewe akauliza kwa sauti nyembamba, "Ndeshi, au umeshaolewa?"

Dada akaangua kilio. Wageni wawili wakaanza kutafuta viatu vyao mlangoni. Posa inaondoka hiyo!

Nilitamani zulia linimeze. Lakini nilipomwangalia dada anavyolia, nikafungua mdomo, sauti kama ya mbu. "Ni mimi. Nilidhani ni pambo."

"Binti, isale hulijui?" mshenga akaniuliza.

"Nalijua, babu. Lina mishipa sambamba na mizizi ya nyuzi."

Walitazamana. Kisha yule shangazi akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. Wa viatu nao wakarudi kukaa.

Mshenga akajifuta machozi. "Tumesamehe. Ila faini ipo. Siku ya harusi, huyu daktari wa majani atashika kipaza sauti, awaeleze wageni mila za pande zote mbili."

"Tumekubali!" Aliyejibu si baba, ni dada! Chozi hana tena.

Mimi? Kipaza sauti? Mbele ya ukumbi mzima? Pilau lilinishinda.

Nikampigia Upendo nimlilie. Akacheka mpaka nikakata simu, akapiga yeye. "Masale? Si ndiyo tuliyofundishwa Ijumaa, kwenye usuluhishi wa migogoro! Madam alikuja na jani lenyewe, akalifunga fundo tukiona!"

Ole wangu na figo yangu!

Nyie mnaotoroka somo la lazima mkisema haliwahusu, litawahusu mbele ya wakwe! Kaeni darasani. Mkitaka kusinzia, sinzieni humo humo, angalau sikio moja libaki wazi. Kuna siku maisha yanauliza swali ambalo halimo kwenye mchepuo wako, na yanaliuliza sebuleni kwenu, wazee wamekaa!

Jumatatu asubuhi, kabla ya paredi, nilibisha hodi ofisini kwa madam wa GS. Nikamwomba anifundishe upya kipindi kile chote, kuanzia mwanzo.

Akavua miwani. "Kwani kuna jaribio?"

"Hapana, madam," nikasema. "Kuna harusi."