Viatu vya Watu kwenye Ofisi ya Mjerumani

Juzi nilipita Korogwe nikakuta ile ofisi ya zamani, iliyojengwa enzi za Mjerumani, imebomolewa baraza la nyuma ili magari yapate pa kuegeshwa. Nilicheka peke yangu.

Wewe hukuiwahi, ngoja nikueleze. Kuta nene, mtoto angeweza kulala dirishani. Dari iko juu huko, popo wenyewe walifika wamechoka. Sakafu ya saruji nyekundu, inasuguliwa kwa nta kila asubuhi mpaka unajiona meno. Na fundi wake, sijui aliwaza nini, alijenga mbele na nyuma sawasawa: matao yale yale, ngazi zile zile, mlango ule ule.

Nilipokuwa mdogo, bibi yangu aliteremka nami kutoka kwetu Dindira kwa shauri la mpaka wa shamba. Kwetu huingii na viatu kwenye sakafu ya mtu inayong'aa hivyo. Akavivua ngazini, akavipanga, akaingia pekupeku. Vilikuwa vyeusi, vya kisigino kifupi, ameviazima kwa jirani, na jirani alikuwa anaozesha binti yake kesho yake.

Tulipomaliza, karani akatutoa kwa mlango wa pili. Bibi akatazama ngazi. Hakuna kitu.

"Nimeibiwa! Jamani, viatu vya watu!"

Watu wakajaa. Bibi akaketi ngazi ya chini, kila anayetoka aonyeshe miguu. Hata mkubwa wa ofisi alinyanyua suruali: "Shikamoo mama. Hivi ni vyangu, tazama kamba." Bibi alishaanza kulia. Angemwambia nini jirani?

Ndipo mama muuza maandazi akaja amezunguka jengo. "Mbona kule mbele kuna viatu vya kike vimekaa peke yao tangu asubuhi?"

"Mbele si hapa?" bibi akauliza.

Alipoviona alivivaa kwanza, ndipo akaligeukia jengo kwa hasira. "Nyumba gani haina uani! Mkwe akija, mtu akajifiche wapi?"

Harusi ilifana. Jirani alizunguka na viatu vyake, bibi akacheza pekupeku mpaka vumbi likatimka.

Sasa jengo lina mbele na nyuma, hakuna atakayekosea mlango. Bibi ametangulia siku nyingi. Ningetoa chochote nimkute pale ngazini, amekosea tena, ananifokea nitazame vizuri miguu ya watu.