Disketi Moja na Majina ya Makaburini

Nakumbuka asubuhi moja hapa Ujiji, Mzee Rajabu, mtunza makaburi ya mtaani kwetu, alinijia akiwa na karatasi iliyolowa mafuta ya maandazi. Mwanangu, karatasi ile ilikuwa na mwandiko wake mwenyewe.

Nirudi nyuma kidogo. Kaka yangu alikuwa ameniletea kompyuta kuukuu, zile za kuhifadhi kazi kwenye disketi, nami nikajiona msomi wa mji mzima. Nikamwomba Mzee madaftari yake manne, yenye jina la kila aliyezikwa na mahali alipolala, niyaingize humo. Nilichapa miezi mitatu. Siku niliyomaliza, madaftari nikampa dada yangu aliyekuwa akiuza maandazi mtaa wa Mwanga, awafungie wateja. Ndiyo, nilifanya hivyo. Cheka tu, ni haki yako.

"Hii nimefungiwa maandazi," Mzee akasema.

"Shikamoo, Mzee. Usijali, yote yamo humu." Nikamwonyesha disketi.

"Marahaba. Basi mtafutie huyu mama."

Alikuwa amekuja na Bi Zuhura wa Rusimbi. Mama huyu aliishi mbali miaka mingi, na sasa alitaka kaburi la mwanawe Yasini, aliyefariki akiwa mchanga. Kibao hakikuwepo.

Nikawasha. Majina yakapita kwa mpangilio wa herufi, yakafika kwa akina Ramadhani, yakakoma. Ndipo nikakumbuka. Siku ile ya mwisho nilihifadhi kazi mpya juu ya ile ya zamani, kwenye disketi ile ile, na faili lilikuwa limenenepa kuliko disketi. Kompyuta ilinionya kwamba nafasi imekwisha. Nikaizima, nikaenda kula. Ya zamani ilishafutwa kuipisha mpya, na mpya haikuenea.

Nikakimbia Mwanga. Dada alikuwa amebakiza majalada matupu ya madaftari.

Mzee hakufoka. "Nimeandika miaka thelathini," alisema. "Ungeniuliza kwanza." Niliona aibu, na mpaka leo naiona.

Akatupeleka makaburini. Watu wazima aliwakumbuka karibu wote, watoto hapana. Akamwonyesha Bi Zuhura safu moja ya makaburi madogo. "Yumo humu," akasema. Mama yule akaanza la kwanza, akasoma dua, akahamia la pili. Yalikuwa kumi na saba. Nilisimama pale mpaka akayamaliza yote.

Leo una simu inayobeba kila kitu, lakini nisikilize hivyo hivyo. Usiandike kipya juu ya cha zamani kabla hujajua kama kitaenea. Faili likikua, ligawe, na nakala ziweke nyumba mbili. Kisha ifungue nakala, uisome hadi jina la mwisho kabisa, ndipo useme umehifadhi. Na daftari la mtu mrudishie mwenyewe, hata kama unaona halina kazi tena.

Mungu akupe umri mrefu, mwanangu, na siku ukilala, asikosekane anayejua ulipolala.