Masaa Mawili Hadi Kinshasa

Miaka thelathini Tata Edouard aliendesha treni ya mgodi, kutoka mashimo ya madini yaitwayo Mashamba hadi kiwandani na kurudi. Ukijumlisha, aliizunguka dunia bila kutoka Kolwezi. Kwa hiyo pale mtaani Kapata, ambako nyumba za kampuni zinafanana hata mlevi huingia ya jirani bila hatia, neno lake kuhusu umbali lilikuwa sheria. Akisema Kinshasa ni mbali, hata waliowahi kufika huko walinyamaza.

Sheria hiyo ndiyo iliyomzika baba yake. Mzee alifariki Jumanne moja, miaka tisa iliyopita. Desturi ya ukoo wao ni kumngoja mtoto aliye mbali aje atupe udongo kaburini. Mianda, dada yake mdogo anayeishi Kinshasa, alipiga simu kwamba amepata ndege ya Alhamisi. Edouard akawaeleza wazee, kwa mamlaka ya mtu wa reli, kwamba kutoka huko ni treni na mto, majuma mawili mvua isiponyesha. Ndege ni maneno ya watu wa mjini. Wazee, waliokwisha kusikia harufu ya nyama ya matanga, walikubali haraka mno. Jumatano wakazika. Mianda alipofika Alhamisi, hata viti vilikuwa vimerudishwa kanisani. Hakusema na Edouard tena.

Mwezi uliopita Princesse, binti wa Mianda, alichumbiwa. Mahari haipokelewi kama mjomba hayupo, basi Princesse mwenyewe akamtumia tiketi ya ndege. Edouard akajiandaa kama mtu anayejua safari: unga, makaa, kuku wawili hai. Uwanjani walipokea unga, wakakataa makaa, na kuku wakabaki na afisa mmoja aliyeahidi, bila kucheka, kuwatunza.

Ndege iliruka saa nne. Kilomita elfu moja na mia tatu. Alikunywa soda, akasali, akasinzia, na jirani yake akamwamsha: wametua. Saa yake ya mkono ilisema saa sita. Ile ya ukutani ilisema saa tano, maana saa za Kinshasa ziko nyuma ya za Kolwezi. Walimchukulia masaa mawili, na moja wakamrudishia. Alisimama pale na unga wake kichwani, watu wakimsukuma. Siku moja tu. Mzee angeweza kungoja siku moja.

Teksi ilikaa kwenye msongamano muda mrefu kuliko ndege ilivyokaa angani. Alipofika kwa Mianda, wakwe walikuwa wamekaa uani tangu asubuhi, bia imeshapata moto, na msemaji wao amerudia salamu mara tatu.

Mianda hakumkumbatia. "Balitaka tuanze bila weye," alisema. "Nikabaambia, mutu akiwa mbali, banamungoja."

Wakwe wote walikuwa wanasikiliza, wengine wakijifanya wanafukuza nzi.

"Haiko mbali, Mianda," Edouard akasema. "Ni masaa mbili. Mi nilikunyima baba juu ya masaa mbili."

Mianda akavuta viti viwili, akaviweka kando ya ukuta, akaketi kwenye kimoja.

"Basi niambie vile mulimuzika. Nani alimunawisha, mulimuvalisha nini. Yote."

Akamwambia yote. Msemaji wa wakwe alikohoa mara moja, akaona macho ya Mianda, akakunja mikono akangoja.