Kitambaa cha Kiyoyozi

Mutheu ana wivu, na hahangaiki kuuficha, maana plotini kwao hapa Machakos kila mtu anaujua. Kinachomwokoa ni mikono yake. Kwa kufuma vitambaa hana mpinzani: vya makochi, vya meza, vya televisheni. Hata mtungi wake wa gesi umevaa.

Kwa miaka kumi na mmoja mama mkwe wake Kalunde, ambaye wote wanamwita Mwaitu, alikuwa akitoka sokoni kila Jumamosi na kupumzika kwa Mutheu. Anakunywa chai, anasinzia kwenye kochi, kisha anarudi zake shambani. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari ya Mutheu. Halafu mwaka jana shemeji yake Mwangangi, mwana mwingine wa Mwaitu anayefanya kazi Mombasa, akaja na kiyoyozi kilichotumika, akakifunga sebuleni kwa mkewe Nthambi. Nyumba ya Nthambi na ya Mutheu zimepakana ukuta kwa ukuta. Jumamosi iliyofuata, jua la Oktoba likiwaka, Mwaitu aliupita mlango wa Mutheu na kiondo chake, akaenda kusinzia kwenye ubaridi.

Mutheu alilia jikoni huku akisonga ugali. Chai yake ilikuwa na kosa gani?

Hakuweza kukivumilia kile kidude kikimtazama pale ukutani kwa Nthambi. Akakifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, akakipeleka kama zawadi.

"Ukizima tu, funika hapo hapo," alimwambia Nthambi. "Vumbi isiingie."

Nthambi alimkumbatia kwa shukrani, akafanya vile vile alivyoambiwa.

Mvua za Novemba zikaja. Kwa Nthambi madirisha yalifungwa, isyo ya mahindi na maharagwe ikachemka kutwa nzima, mvuke ukajaa nyumba, kiyoyozi kikawashwa. Kikizimwa tu, kitambaa juu. Kufikia Desemba sebule ilinuka kama gunia lililonyeshewa, na Mwaitu akaanza kukohoa. Mutheu alikisikia kikohozi kile kupitia ukutani na, Mungu amsamehe, alifurahi. Akabandika sufuria kubwa ya chai, akangoja.

Mwaitu hakutoka kwa Nthambi. Aliyekuja huko ni Hanif, fundi wa mafriji kutoka mjini, ameitwa na Nthambi. Mutheu akazima jiko, akaenda kuona.

Hanif aliondoa kitambaa, akafungua kiyoyozi, akamulika ndani kwa simu. Kulikuwa na madoa meusi kila mahali.

"Hii ni kuvu," alisema. "AC ikifanya kazi inatoa maji ndani. Ukimaliza baridi, wacha feni peke yake ikimbie nusu saa, ikauke. Filta osha kila wiki mbili. Paipu ya maji isizibe, na mkipika fungueni dirisha. Lakini hiki kitambaa ndio kimewamaliza. Mlikuwa mnafungia maji ndani. Nani aliwaambia mfunike?"

Mutheu alinyoosha mkono akitwae kitambaa.

Mwaitu alikuwa ameshakichukua, anakigeuza. Upande wa ndani ulikuwa mweusi.

"Hii ni kazi ya Mutheu," alisema, kikohozi kikimkata. "Mikono kama hii sijaona ingine."

Miaka kumi na mmoja Mutheu alikuwa amelingoja neno hilo.

"Ni mimi niliamua kufunika," Nthambi akamwambia Hanif, bila kumtazama Mutheu. "Niliogopa tu vumbi."

Hanif akaendelea kusugua. Mwaitu akasema kitambaa kioshwe, atakwenda nacho shambani akiweke juu ya meza yake. Mutheu alikichukua akaenda nacho bombani, akayasugua yale madoa mpaka vidole vikawaka. Shukrani ilikataa kuja. Uliokuja ni wivu ule ule wa siku zote, ila sasa ulikuwa mchungu zaidi. Hata kwa wema Nthambi alikuwa amemshinda, na hilo hangeweza kulifumia kitambaa.