Jaruba la Tarehe Ishirini na Sita

Mwanangu, ipo siku moja ya sikukuu naikumbuka kuliko sikukuu zote nilizokula, na si kwa utamu wake. Jana imenirudia, uliponitumia kwenye simu ratiba ya familia ya mwezi huu wa Desemba. Nilivaa miwani nikaisoma yote. Harusi Ushirombo, kwaya Runzewe, mkesha, Misa ya Krismasi, chakula kwa shangazi yako Doto, halafu tarehe ishirini na sita tamasha la kwaya Katoro, basi limeshakodiwa. Umeipanga vizuri kama katibu wa parokia. Ila kuna kitu sikukiona humo, nikasema afadhali nikusimulie kuliko kukugombeza kwenye kundi mbele ya watoto.

Wewe ni mtoto wa marehemu kaka yangu Kulwa, kwa hiyo ni mwanangu, na hili ni lako kulisikia.

Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne. Nilikuwa fundi cherehani Runzewe, nimepanga chumba kimoja, na nilikuwa mwalimu wa kwaya. Usicheke. Nilijua kupiga kinanda, na nilikuwa na suti rangi ya maziwa niliyojishonea mwenyewe. Nikipita na suti ile hata mbuzi walinipisha, au ndivyo nilivyojiona. Baba yako alikuwa Nyarugusu, anashuka kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji, kutafuta dhahabu. Doto, pacha wake, alikuwa ameolewa Ushirombo. Baba yetu alikuwa ametangulia mbele ya haki, na mama yetu, bibi yako, alibaki kijijini na jaruba lake la mpunga kule mbugani.

Sasa nyumba yetu ilikuwa na desturi moja. Watu wengine Krismasi yao huisha kwa soda. Yetu iliisha kwenye matope. Mama alimwaga mbegu kitaluni mwanzoni mwa Desemba, akihesabu siku ili miche iwe tayari watoto wote wakiwa nyumbani. Tarehe ishirini na tano tunakula, tunavaa, tunakwenda kanisani. Tarehe ishirini na sita alfajiri tunavua viatu, wote, hata mkwe, hata aliyefika jana kutoka mjini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama yetu hakusubiri hiyo ya tatu. Jua likizama jaruba limejaa miche, na kila mmoja anaondoka na mgongo unaouma, akijua mama atakula mwaka mzima.

Mwaka huo kwaya yangu ikaalikwa kwenye shindano Katoro, tarehe hiyohiyo. Nilitaka ndugu zangu waje kuniona nikiongoza. Nikamshawishi kaka yangu, yaani baba yako, naye akakubali upesi, maana wachimbaji wanapenda sherehe. Doto naye akaja na wanawe. Tukabaki na kazi ya kumwambia mama.

Nilimkuta jioni ya Krismasi ukingoni mwa jaruba. Alikuwa ameshaanza kung'oa miche kitaluni na kuifunga mafungu mafungu, ameyasimamisha ndani ya maji, tayari kwa kesho. Wageni wote wako uani wanakunywa, yeye yuko huko peke yake na kitenge amekikunja magotini.

"Mama," nikamwambia, "kesho tuna shindano. Tutapanda keshokutwa. Maji ya jaruba hayakimbii."

Akainua uso, akanitazama, akaitazama na suti.

"Nendeni tu, wanangu," akasema. "Kuimba nako ni kusali."

Nikafurahi! Nikadhani nimepata baraka. Kesho yake tukapanda Fuso, tukaimba njia nzima mpaka Katoro. Ukitaka kujua matokeo, tulishika nafasi ya tatu, tukapewa katoni ya sabuni.

Tulirudi tumechoka. Keshokutwa niliyoiahidi ilipofika, baba yako aliitwa na wenzake, zamu yake ya duara imefika, akaondoka asubuhi. Doto alifuatwa na mumewe. Mimi nikapata mwaliko mwingine, kwaya ya jirani inazindua sare zake, na mwalimu wa kwaya ataachaje kufika? Nikajiambia nitarudi baada ya mwaka mpya. Mwaka mpya nao una shughuli zake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu, lakini aliyengojesha si lazima awe ndiye wa kuumwa tumbo.

Mama alipanda peke yake. Hili sikuliona kwa macho, niliambiwa baadaye na jirani, Mama Limi. Alipanda mistari michache kwa siku, akipumzika ukingoni kushika kiuno. Miche aliyokwisha kuing'oa ikawa ya njano kabla hajaifikia. Iliyobaki kitaluni ikazeeka. Januari mvua ikakatika kama inavyokatika, na miche iliyochelewa kupandwa haikushika.

Na mimi? Mwaka mzima sikuuliza. Nilikuwa mwendo wa baiskeli tu kutoka nyumbani. Nilimtumia salamu, nilimshonea gauni, ila kumuuliza "Mama, umevuna nini?" sikumuuliza.

Krismasi iliyofuata, kama kawaida, kwaya ilipita nyumba kwa nyumba baada ya Misa. Kwetu niliwapeleka kwa mbwembwe. Nilikuwa nimewaambia tangu asubuhi wasishibe kwingine, wali wa mama yangu hauna mfano, ukipikwa hata jirani anajua kwa harufu. Wakaketi kwenye mikeka, wamenawa mikono, wanangoja. Ndugu zangu nao wapo.

Mama akatoka jikoni na sinia. Ugali wa udaga, ule wa muhogo mkavu. Akarudi akatoa na mwingine. Mboga ilikuwa kuku, mzuri kabisa, lakini hakuna punje ya wali nyumba nzima.

Nikamfuata jikoni. Nilikuwa nimekasirika kidogo, nasema kweli, kwa sababu ameniaibisha mbele ya watu wangu.

"Mama, wali uko wapi?"

Alikuwa anapakua mchuzi. Hakuinua hata sauti.

"Mwanangu, wali wa mwaka huu mliuimba mwaka jana."

Akanipa bakuli la mchuzi nipeleke kwa wageni.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nilipita na bakuli lile mbele ya kwaya yangu na suti yangu ya rangi ya maziwa, na nilijua kila tonge la mama yangu tangu mwezi wa sita lilikuwa la udaga kwa sababu yangu. Kosa si la ukame, si la ndege. La kwangu mimi. Baba yako naye alikuwa amesikia kutoka mlangoni, akainamisha kichwa, mtu aliyekuwa haogopi kushuka shimoni.

Kesho yake alfajiri tulikuwa mbugani watoto wote watatu, hakuna aliyeamshwa. Wanakwaya wawili wa sauti ya pili walitufuata na majembe yao. Mmoja wao nilimwoa, ndiye mama yako mdogo, na mpaka leo hunikumbusha kuwa mistari yake ilinyooka kuliko yangu. Mama alikuja akasimama ukingoni. "Wabeja," alisema, ahsanteni, basi, akaingia kwenye maji kupanda na sisi.

Bibi yako sasa hayupo, baba yako hayupo, lakini jaruba lipo na linalimwa na mama yako. Juzi nilipita nikamwamkia. Kitalu chake ni kizuri, miche itatimia siku ishirini na tano Krismasi ikifika. Mama yako naye amehesabu, unaona? Nikamuuliza kama amekwambia kuhusu tarehe ishirini na sita. Akacheka, akasema, "Waache waende tu, shemeji, ni watoto."

Basi nasaha yangu ni hii. Imbeni, harusini mwende, mkesha msiukose. Sijasema sikukuu ni dhambi. Lakini kabla hujaandika ratiba ya familia, nenda kaulize walioko nyumbani wamepanda nini na wanawangoja lini. Mzazi haombi mara mbili, na wengi hawaombi hata mara moja. Mama akikwambia "nendeni tu" huku miche iko majini, usiende. Na mtaka cha mvunguni sharti ainame, hata kama amevaa suti.

Basi la Katoro litapata abiria wengine. Mimi nitakuwa mbugani alfajiri, na magoti yangu haya, nishike mstari wa ukingoni.

Mungu akubariki, mwanangu, wewe na ndugu zako. Awape sauti za kumsifu, awape na migongo ya kuinama, na mama yako ale wali.