Mmea wa Mama Juu ya Mkuyu

Mvua za vuli zilipotulia, harufu tamu iliteremka kutoka kwenye mkuyu wetu pale Bugwema na kuingia ndani hata kabla taa haijawashwa. Juu ya tawi lililoegemea paa uliota mmea wenye maua meupe, mizizi yake ikining'inia hewani kama ndevu, wala hapakuwa na chembe ya udongo. Mama alisema siku alipoletwa pale akiwa bibi harusi, akikumbuka kwao Buhemba, harufu ile ndiyo iliyomfanya aache kulia. Kwa hiyo baba alipolikata tawi lile kunusuru bati, bila kumwuliza, nyumba nzima ilipoa. Mama hakugomba. Alinigeuza mimi, Neema wa darasa la tatu, kuwa mjumbe wake: mwambie baba yako chakula kipo, mwambie baba yako maji ya kuoga yapo. Chakula chenyewe kilikuwa dagaa kila siku badala ya sato, na baba alijua maana yake.

Mama aliuokota mmea akauhudumia kama mkulima yeyote wa kwetu: akauchimbia shimo bustanini, akaujazia samadi ya ng'ombe, akaumwagilia asubuhi na jioni pamoja na nyanya. Kwetu kila chenye jani kilikula samadi. Nyanya zikanenepa, mmea ukaanza kuoza, nami nikazidi kutumwa kwa baba. Siku moja baba aliuinamia akauliza taratibu, "Kule juu ulikuwaga unakula nini huu?" Hakungoja jibu. Alikata kipande kilichobaki kizima, akapanda mkuyuni, akakifunga kwenye tawi jingine kwa wavu kuukuu wa sangara. Majirani waliokuwa wakienda ziwani walimtania kwamba amehamia kuvua mitini. Subira huvuta heri; kila asubuhi alipanda kukitazama, mtu mzima na kitambi chake, hadi siku alipoona mzizi mpya umeng'ang'ania gome. Akabaki huko juu anacheka peke yake. Mama akatoka jikoni, akanipita mimi mjumbe, akasimama chini ya mti.

"Baba Neema," alisema, "shuka ule."

Sijawahi kufurahia kuachishwa kazi kama siku ile. Tulikula sato.

Sasa naishi Buhare na familia yangu. Mume wangu akinikosea hunitumia kwa simu ujumbe wa samahani wenye vimoyo vyekundu, hata akiwa chumba cha pili. Nasoma, nacheka, namsamehe kabla chai haijapoa. Maisha yamekuwa mepesi, wala silalamiki. Ila nakiri, nampenda sana, na bado natamani nimwone siku moja juu ya mti.